Hatua ya kwanza ya asubuhi

Binti yangu alikuwa na siku kumi na moja tu nilipomfuata kwa magoti. Ilikuwa saa tisa usiku, stima zimepotea mtaa mzima, baba yake yuko zamu, naye analia njaa kwenye kitanda chake upande wa pili wa chumba. Nilishusha mguu wa kulia kama mtu yeyote anayeamka, na kabla sijauwekea uzito wote nikahisi kama msumari umenichoma kisiginoni. Nikarudi kukaa. Nikajaribu tena, vilevile. Mtoto alikuwa ameanza kilio kile cha kukata pumzi, basi nikashuka kwa magoti, nikatambaa hadi nikamfikia, nikamnyonyesha nimekaa sakafuni, mgongo ukutani, machozi yakinitiririka gizani.

Maumivu yaliniliza, lakini kilichoniliza zaidi ni ile ahadi. Tangu mimba yangu ilipofika mwezi wa tano, kila niliyemwambia habari za kisigino alinijibu neno moja: ukishazaa yataisha. Nimeshazaa. Hayajaisha. Na sasa nina mtoto wa kuinukia mara tano kwa usiku.

Kama unasoma haya na wewe unatembea kwa kushika ukuta kila asubuhi, nakuandikia wewe. Hayo maumivu yana jina, yana sababu, na yana mambo ya kuyafanyia. Mimi nilikaa karibu miezi sita bila kuyajua.

Mimi ni msusi, Kenyatta Market, Nairobi. Anayeijua soko ile anajua kazi yenyewe: vibanda vimebanana, moshi wa nyama choma unaingia kila mahali, na sisi wasusi tumejipanga kwenye vichochoro tukiita wateja. Kichwa cha rasta ndogondogo kinaweza kula saa sita, hata nane, hata mkimzunguka mteja wasusi wawili. Mteja hukaa. Msusi husimama. Sakafu ni sementi, na mimi nilikuwa nimevaa dolshuzi, vile viatu bapa ambavyo soli yake ni nyembamba kama kadi ya mwaliko, kwa sababu ndivyo vilivyonipendeza na ndivyo miguu iliyoanza kuvimba ilivyokubali kuingia. Asubuhi natembea kutoka Ayany, Kibera, kwenda kazini, karibu nusu saa. Jioni narudi kwa mguu tena, kisha ngazi hadi ghorofa ya tatu, na siku ambazo maji hayapandi juu, mtungi wa lita ishirini mkononi.

Mwezi wa tano wa mimba ndipo kisigino kilipoanza kuuma. Hebu nikieleze vizuri, kwa sababu mambo yakikaa hivi, karibu kila mara ni ugonjwa uleule. Palipouma palikuwa mahali pamoja, padogo kama sarafu ya shilingi, chini ya kisigino kuelekea upande wa ndani, pale tao la unyayo linapoanzia. Nikipabonyeza kwa kidole gumba naruka. Hatua ya kwanza ya asubuhi ndiyo mbaya kuliko zote. Ya pili afadhali, na nikishatembea dakika kumi hivi yanalegea mpaka nadhani yamekwisha. Halafu nikikaa kula chakula cha mchana, kuinuka ni asubuhi upya. Na jioni, baada ya kusimama kutwa, mguu mzima unawaka.

Nilisema kliniki. "Sista, kisigino kinaniuma sana nikiamka."

"Ni uzito, mama. Mimba ni hivyo."

Alinibonyeza muundi kwa kidole gumba kuona kama patabaki shimo, akanipima presha, akaangalia mkojo, akaandika kwenye kijitabu, akamwita anayefuata. Sina kinyongo naye. Foleni ilikuwa imefika nje, na alichokitafuta mguuni mwangu ni kitu kinachoua. Alikuwa sahihi kukitafuta kwanza, na nitakieleza sasa hivi. Ila niliondoka pale nikiamini kwamba kisigino si jambo la kuulizia tena, na sikuuliza tena.

Kuvimba miguu jioni, miguu yote miwili sawasawa, kwa mjamzito ni jambo la kawaida. Mwili una damu na maji mengi kuliko zamani, na tumbo linakandamiza mishipa inayorudisha damu juu. Ukilala ubavu au ukiinua miguu juu ya mto, inashuka. Lakini uvimbe ukija ghafla, ukapanda usoni na mikononi, ukiandamana na kichwa kinachouma bila kuachia, macho yakiona ukungu au vimulimuli, au maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, usingoje asubuhi na usingoje tarehe ya kliniki. Presha ya mimba huja hivyo, na inaweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Inaweza kuja hata baada ya kujifungua, ndani ya wiki sita. Na mguu mmoja peke yake ukivimba, shavu la mguu likawa gumu, la moto na linauma, hiyo huenda ni damu iliyoganda ndani ya mshipa, nayo ikisafiri hadi mapafuni inaua. Yote mawili ni ya kukimbizwa hospitali usiku huohuo. Kisigino kinachouma hatua ya kwanza hakiko katika kundi hilo. Lakini kisigino kilichokufa ganzi, au kinachouma hata umelala, au kilichovimba na kuwa chekundu, nacho kionwe na daktari, kwa sababu huenda ni jambo jingine.

Nirudi kwangu. Mwezi wa saba nilimwomba mume wangu aniletee dawa ya maumivu akitoka kazini. Aliingia duka la dawa akasema mke wangu anaumwa mguu, akapewa diklofenaki, kwa sababu ndiyo hupewa watu wanaoumwa miguu. Hakusema nina mimba na hakuulizwa. Nilimeza mbili. Siku ya pili jirani yetu wa ghorofa ya chini, aliyekuwa muuguzi kabla ya kustaafu, aliona karatasi ya vidonge juu ya meza, akaichukua, akaisoma akiwa ameisogeza karibu na dirisha. "Hizi ni zako, mwanangu? Acha leo hii." Akanieleza polepole: diklofenaki, ibuprofeni na jamii yake, mimba ikishapita wiki ya 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji anamoogelea, na karibu na mwisho wa mimba zinaweza kuubana mshipa ulio karibu na moyo wake kabla ya wakati. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo la wiki ya 20 mwaka 2020. Paracetamoli ndiyo mjamzito huruhusiwa, kwa kipimo na kwa muda mfupi. Nilikwenda kliniki kesho yake, wakasikiliza moyo wa mtoto, ukawa unadunda vizuri. Lakini usiku ule sikulala. Tangu siku hiyo, mteja mjamzito akikaa kwenye kiti changu na kutaja kidonge cha mgongo au cha mguu, namwomba anionyeshe.

Mama yangu alifika kutoka Voi wiki ya pili baada ya mimi kujifungua. Alikuja kwa treni, na mfuko wa unga wa uji na mwingine wa mbaazi, na siku ileile akateka maji akayachemsha. Kwetu mzazi hukandwa. Sitaki mtu yeyote aliyesoma kidogo anidharaulie jambo hilo: kukandwa kiuno na mgongo na mikono ya mama yako, kwa kitambaa cha moto kilichokamuliwa vizuri, ni dawa ya mwili na ya moyo. Alipomaliza kiuno nikamwambia, "Mama, nikande na miguu."

Akauchukua mguu wa kulia akauweka juu ya paja lake. Akaanza vidoleni, akaja tao la unyayo, na gumba lake likafika pale padogo. Nikaruka.

"Hapa?"

"Hapo hapo."

Akanyamaza. Aliendelea kupakanda kwa upande wa kiganja, polepole, bila kunitazama. Kisha akasema, "Hata mimi ni hapohapo. Tangu huyo kaka yako mdogo."

Kaka yangu mdogo ana miaka ishirini na sita.

Nilimuuliza kwa nini hajawahi kusema. Akaniambia, nani angesikiliza? Alimwambia mama yake mwenyewe mara moja, naye akajibiwa kwamba mimba si ugonjwa. Basi akatafuta sendo zilizo kubwa kidogo, akawa anaamka mapema kuliko watu wote ili asionekane akichechemea kwenda jikoni. Nimekua katika nyumba ile. Nilimwona mama yangu akiamka kabla ya jogoo kila siku na nikadhani ni bidii tu.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi na mama yangu tulilalia kitanda kimoja, kunguni walewale, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Aliyenitoa gizani ni muuguzi mwingine kabisa, siku nilipompeleka mtoto chanjo ya wiki ya sita. Aliniona nikiinuka kwenye benchi na kutembea kwa vidole. Hakuniuliza habari za mtoto kwanza. Aliniuliza, "Mama, huo mguu una nini?" Nikaeleza yote, sarafu ya shilingi, hatua ya kwanza, na kadhalika. Akaandika karatasi, akanielekeza jengo la nyuma, kwa mtaalamu wa fiziotherapia, tiba ya viungo. Katika miezi yote ya mimba sikuwa najua kwamba mtu wa kisigino yuko mita hamsini kutoka mahali nilipokuwa nikipimiwa presha.

Fizio wangu alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alinivua viatu, akanimwagia maji kidogo nyayoni, akaniambia nipite kwenye sakafu kavu ya sementi. Kisha tukaziangalia alama zangu wote wawili. Unyayo wa kushoto ulikuwa na shimo lake katikati, ingawa dogo. Wa kulia ulikuwa umejaa wote, kama mtu amechovya kipande cha mkate majini akakibandika chini. Nikakumbuka alama za miguu yangu ufukweni shule ilipotupeleka Mombasa, zile zenye kiuno chembamba. Hizi hazikuwa zile.

Akanieleza. Chini ya unyayo kuna utando mgumu, mfano wa kamba pana, umefungwa kwenye mfupa wa kisigino na kutandaa hadi kwenye mizizi ya vidole. Ndio unaolishikilia tao la unyayo, kama kamba inavyoshikilia upinde. Mwanamke akiwa na mimba, mwili hutoa homoni iitwayo rilaksini, ambayo pamoja na nyenzake hulegeza kano ili nyonga ziweze kupanuka. Lakini homoni haichagui nyonga peke yake, hupita mwili mzima. Kano za mguu nazo hulegea, tao linashuka, utando unavutwa. Ongeza kilo. Mwanamke wa uzito wa wastani hutarajiwa kuongeza kama kilo 11 hadi 16 katika mimba, na mimi niliongeza 15. Ongeza tumbo linalosukuma mwili mbele na kubadilisha namna ya kukanyaga. Ongeza saa nane za kusimama juu ya sementi na dolshuzi. Utando unachanika nyuzi ndogondogo pale unaposhikana na mfupa. Hospitali huuita ugonjwa huo fashiaitisi ya unyayo.

Na ile hatua ya kwanza? Unapolala, nyayo huelekea chini, utando unalegea na kufupika, na huanza kujishona ukiwa mfupi. Ukikanyaga, unaunyoosha kwa ghafla na uzito wako wote. Ndiyo maana mzazi huteseka kuliko watu wengine. Mtu mwingine ana asubuhi moja kwa siku. Mama anayenyonyesha ana asubuhi tano kwa usiku mmoja, na kila moja anaikimbilia, kwa sababu mtoto analia. Aliposema hivyo nililia mbele yake. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa ameueleza usiku wangu kama aliyekuwepo.

Nikamuuliza kama miguu itarudi. Hakunidanganya. Maumivu, akasema, kwa watu wengi sana hupona bila upasuaji, ingawa huchukua miezi, pengine mwaka. Umbo la mguu ni jambo jingine. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha utafiti wa wanawake 49 waliopimwa nyayo mwanzoni mwa mimba na tena miezi kadhaa baada ya kujifungua. Kwa wengi wao tao lilikuwa limeshuka na mguu umerefuka, kati ya milimita 2 na 10, na mabadiliko hayo yalionekana hasa kwa waliobeba mimba ya kwanza. Namba moja ya kiatu ni kama milimita saba. Mimi nilivaa 39 tangu kidato cha pili. Sasa ni 40, na viatu vyangu vyote vya zamani nilimgawia mdogo wangu. Nilivisikitikia, hasa vile vya harusi.

Alichonipa cha kufanya hakikugharimu hata shilingi. Kabla ya kushuka kitandani, kila mara, hata mtoto akilia: kaa ukingoni, weka mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole kwa mkono na uvivute kuja kwako mpaka unyayo ukaze kama uzi wa gitaa, hesabu kumi, achia. Mara kumi. Kutwa mara tatu, lakini ule wa kabla ya hatua ya kwanza ndio mkubwa. Nilimwambia mtoto hatangoja kumi mara kumi. Akanijibu kwamba hata mara tatu ni bora kuliko kukanyaga mguu uliolala, na kwamba mtoto akilia nusu dakika zaidi huku mama yake anamsemesha haumii. Nilikuwa nahitaji mtu wa kuniambia hivyo, kuliko hata mazoezi yenyewe. Nikichoka kujikunja, nilipitisha leso chini ya vidole nikavuta ncha mbili. Leso ileile niliyombebea mtoto.

Halafu ukuta: viganja ukutani, mguu unaouma nyuma, goti limenyooka, kisigino hakibanduki chini, sukuma nyonga mbele mpaka shavu la mguu livutike. Shavu likikaza huvuta kisigino, kwa hiyo hauwezi kuponya kimoja ukaacha kingine. Nilifanya hilo nikingoja chai ichemke.

Chupa ya maji yaliyoganda ya kuviringisha chini ya unyayo nayo inatuliza vizuri sana jioni. Hatuna friji. Mwenye duka la chini alinihifadhia chupa mbili za nusu lita ndani ya freeza yake ya maziwa, na kwa miezi mingi kila jioni nilipandisha moja ngazini na kushusha nyingine asubuhi. Hajawahi kunitoza. Maji moto na chumvi pia nilitumia, huburudisha uchovu, ila kisigino hakikupona kwayo, na mjamzito asitumie maji ya kuunguza.

Na viatu. Kutotembea peku ndani ya nyumba ilikuwa amri ya kwanza. Patipati yenye soli nene ikakaa chini ya kitanda, mahali ambapo miguu inashukia. Kwa kazini nilikwenda soko la Toi. Nilizunguka asubuhi nzima nikikunja raba za mitumba moja moja, kwa sababu fizio alinifundisha kupima: kiatu kizuri hukunjika kwenye vidole, hakikunjiki katikati, na ukikibana nyuma kwenye kisigino hakibonyei. Nenda jioni, mguu ukiwa umeshavimba, ukapime ukiwa umesimama. Nilipata jozi kwa shilingi 1,300, na fundi viatu akanichongea kipande cha sponji ngumu cha kuinua kisigino kidogo na kulibeba tao. Sponji laini ya godoro haifai, inalala siku ya pili.

Mwezi wa nne wa mazoezi fizio aliniongezea zoezi la nguvu, lile lililopimwa na watafiti wa Denmark mwaka 2014. Unasimama kwenye ngazi kwa mguu mmoja, taulo limeviringishwa chini ya vidole ili vipinde juu, unainua kisigino polepole kwa hesabu ya tatu, unakaa hesabu ya mbili, unakishusha kwa hesabu ya tatu. Mara kumi na mbili, siku moja ndiyo, moja hapana. Katika utafiti ule, waliofanya hivyo walikuwa na nafuu zaidi baada ya miezi mitatu kuliko waliojinyoosha tu. Baada ya mwaka makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa. Mimi nilikuwa nataka hiyo miezi mitatu. Nilifanyia ngazini nje ya mlango wetu, nimeshika reli, watoto wa jirani wakinihesabia.

Haikuwa safari ya kunyooka. Wiki nane za kwanza sikuona tofauti yoyote. Mwezi wa tano nikapona kwa siku tisa, nikadhani basi, nikasuka vichwa viwili vikubwa siku moja nimesimama, na asubuhi yake nikarudi kwenye magoti. Nilikata tamaa vibaya. Fizio akaniambia kwamba hiyo ndiyo sura yake, hupungua kwa mawimbi, nihesabu kwa miezi, nisihesabu kwa siku. Mtoto alipotimiza mwaka mmoja na mwezi, mimi ndiye niliyemkimbilia alipojaribu kushuka ngazi peke yake.

Kuna jambo linaniuma kuliko kisigino, na nitalisema. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mwanamke aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili. Ni haki nzuri na nawaombea wasiipoteze. Lakini msusi wa soko hana mwajiri. Mama mboga hana, mfua nguo wa nyumba kwa nyumba hana, na hao ndio wanaosimama kuliko wote. Mimi nilirudi kazini wiki ya saba kwa sababu kodi ya nyumba haikujua kwamba nimezaa. Ukimwambia mwanamke wa namna hiyo apumzishe miguu, umempa ushauri wa kweli usiotekelezeka. Kwa hiyo nitasema kile kilichotekelezeka: nilinunua stuli ndefu ya mbao, nikamkalisha mteja kwenye kigoda cha chini, nikawa nasuka nimekaa. Wateja wawili wa zamani hawakupenda kukaa chini, wakahama. Wengine walizoea. Wenzangu watatu katika kichochoro chetu wamenunua stuli kama ile, na mmoja wao ana mimba ya miezi sita. Kila saa moja huinuka akazunguka kidogo, akizungusha vifundo kwanza. Hajaanza kuumwa, na sitaki aanze.

Mama alirudi Voi mtoto akiwa na miezi mitatu. Kabla hajaondoka nilimpeleka Toi, tukamtafutia raba namba 41, za kijivu, soli nene. Alizishika kwa muda mrefu akisema hizi ni za vijana. Nikamkalisha ukingoni mwa kitanda changu nikamfundisha kuvuta vidole, hesabu kumi, mara kumi, yeye akinitazama kwa shaka. Nilimsihi pia apitie hospitali, kwa kuwa maumivu ya miaka ishirini na sita yanataka kuangaliwa, akaenda, akapigwa picha. Walimwonyesha kamfupa kadogo kalikochomoza kisiginoni. Akaogopa atakatwa. Daktari akamwambia watu wengi wanako na hawaumwi, aendelee na kujinyoosha na viatu vyake.

Alinipigia simu miezi minane baadaye, saa kumi na mbili asubuhi, nikadhani kuna msiba. Akasema, "Nimefika jikoni, nimewasha moto, ndipo nikakumbuka sijachechemea." Nikamuuliza, na hesabu ulifanya? "Zote kumi." Akanyamaza kidogo, nikisikia kuku nyuma yake. Kisha akaniuliza kama pale Toi kunaweza kupatikana jozi nyingine ya namba ileile, nyeusi, ya kwendea kanisani.